Kadi ya grafiki ya kizazi kilichopita imeshushwa bei: uinunue au uiache? Mwongozo kamili kwa walio Arusha na Moshi

Kila kizazi kipya cha kadi za grafiki kikitoka, maduka huanza kusukuma stoku iliyobaki. Unafungua status ya muuzaji wako wa Barabara ya Sokoine, unaona RTX 4060 boksi halijafunguliwa, bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu na pembeni kuna bei mpya. Watu wengi hapo huuliza imeshuka kwa kiasi gani. Mimi naomba uiache kabisa bei iliyokatwa, maana hukuwahi kuilipa. Uliza hivi: pesa hiihii, wiki hii, hapa nilipo, inaweza kuninunulia kadi gani nyingine, na kompyuta yangu itaweza kuitumia? Hatua zote zilizo hapa chini zinajibu swali hilo.

Hatua ya 1: Anza na kazi unayoifanya

Kama unacheza mpira na gemu za mashindano ya mtandaoni kwenye skrini ya 1080p, karibu kadi yoyote ya heshima ya miaka mitano iliyopita inakutosha. Kwako wewe kizazi kilichopita ni chaguo zuri mara nyingi, na RX 6600 (ya AMD) au RTX 3060 (ya NVIDIA) iliyo katika hali nzuri itakufikisha mbali. Ruka hadi hatua ya 2.

Kwa wanaohariri video mambo ni tofauti, na Arusha ina wahariri wengi kuliko watu wanavyodhani. Kampuni za safari zinataka video za Serengeti na Ngorongoro, wapanda mlima wanataka kumbukumbu za Kilimanjaro, harusi ndiyo usiseme. Kamera nyingi za kisasa zinazotumika kazi hizo, Sony A7 IV ikiwemo, zinaweza kurekodi kwa rangi za 4:2:2 na biti 10, yaani namna inayohifadhi rangi kwa kina zaidi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Kadi za NVIDIA za mfululizo wa RTX 30 na RTX 40 (3060, 4070 na wenzao) hazina saketi ya kufungua faili za aina hiyo. Uwezo huo NVIDIA waliuleta kwenye RTX 50, mwaka 2025. Kwa hiyo unaweza kununua RTX 4070 kwa punguzo la kuvutia, ukaweka klipu yako kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, na bado video ikacheza kwa kukwama, kwa sababu mzigo wa kuifungua umebaki kwa prosesa.

Kabla hujakata tamaa, angalia prosesa yako. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, zile zenye grafiki ya ndani, hufungua video ya 4:2:2 iliyobanwa kwa mfumo wa H.265 zenyewe. Kadi za Intel Arc nazo hufanya hivyo. Mhariri mwenye prosesa ya namna hiyo anaweza kuchukua kadi ya NVIDIA ya kizazi kilichopita bila wasiwasi, mradi arekodi kwa H.265 na grafiki ya ndani iwe imewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta. Asiye nayo, na anayekula kwa kazi hii, aongeze pesa achukue kizazi kipya, au akubali kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, kila mradi. Ukirekodi kwa simu, droni au kamera katika 4:2:0, tatizo hili halikuhusu.

Kundi la tatu ni wa Blender (programu ya picha za 3D) na wa akili mnemba, na hapa nawafikiria hasa wanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru na wa Chuo cha Ufundi Arusha. Kwenu kitu cha kwanza ni VRAM, yaani memori iliyo kwenye kadi yenyewe. Modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 7 au 8, ikibanwa hadi biti 4, hutaka GB 5 hadi 6 kabla hata hujaipa maandishi marefu ya kusoma. Modeli isipoenea, kasi huanguka vibaya au kazi inakataa kabisa. RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka Februari 2021, kwa kazi hizi bado inaweza kukufaa kuliko RTX 4060 iliyotoka 2023 ikiwa na GB 8. Ni mfano mzuri wa kadi ya zamani kuishinda iliyoifuata. Programu nyingi za utafiti pia zimejengwa juu ya CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kupiga hesabu kwenye kadi, hivyo AMD ya bei nafuu inaweza kukupotezea siku nzima kwenye usanidi tu.

Hatua ya 2: Fungua kasha la kompyuta

Fanya hili kabla hujampigia muuzaji. Kompyuta nyingi zinazouzwa Arusha na Moshi ni za ofisi za Ulaya na Marekani zilizotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, lakini hazikuundwa kubeba kadi kubwa.

Soma stika ya pawa saplai. OptiPlex nyingi huja na wati 240 au 260, hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo huwezi tu kwenda dukani ukachukua pawa saplai yoyote ukabandika. Hesabu yenyewe ni rahisi: sloti ya mazabodi hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. RTX 4060 hula wati 115, RX 6600 wati 132, RTX 3060 wati 170, RTX 3070 wati 220, RTX 3080 wati 320. Mwenye mashine ya ofisi asiyetaka kubadilisha pawa saplai ana chaguo chache: GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada, au RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70 tu. Na kama mashine yako ni ile nyembamba, tafuta kadi fupi ya kimo cha chini, zile za kawaida hazitaingia.

Pima pia urefu wa nafasi kwa rula. Kadi za feni tatu nyingi hupita sentimita 30.

Sloti ndiyo wauzaji wengi hawaizungumzii. RTX 4060, RX 6600 na RX 7600 hutumia njia 8 tu za PCIe (muunganisho wa kadi na mazabodi) badala ya 16. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 hutaona shida. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, yaani mashine za Intel hadi kizazi cha 10, upana wa njia hupungua nusu, na gemu ikijaza zile GB 8 utaanza kuona picha inashtuka. RTX 3060 hutumia njia zote 16, kwa hiyo kwenye mazabodi ya zamani inapata nafuu ambayo vipimo vya mtandaoni havionyeshi, kwa sababu wanaopima hutumia mashine mpya. RX 6500 XT ina njia 4 tu, GB 4 za memori, na haina kisimbaji, yaani saketi ya kubana video. Hiyo iache hata kwa bei ya kutupa.

Intel Arc inahitaji kipengele cha Resizable BAR, kinachoiwezesha prosesa kufikia memori yote ya kadi, kiwe kimewashwa kwenye BIOS. Bila hicho inapoteza nguvu nyingi. Mwenye Core i5 ya kizazi cha 4 asiiguse.

Kuhusu prosesa nitasema kwa kifupi: ukiwa na i5 ya mwaka 2014, RTX 4070 yako itakaa ikisubiri. Gawa bajeti, chukua kadi ndogo na ubadilishe prosesa.

Hatua ya 3: Jua kadi iko kizazi gani, na draiva zake zitaendelea hadi lini

Kwa NVIDIA: GTX 10 ilianza 2016, RTX 20 mwaka 2018, RTX 30 mwaka 2020, RTX 40 mwaka 2022, RTX 50 mwaka 2025. Kwa AMD: RX 6000 mwaka 2020, RX 7000 mwaka 2022, RX 9000 mwaka 2025.

Draiva ni programu inayoiendesha kadi. Kizazi kimoja nyuma hakinipi wasiwasi. Vizazi viwili nyuma nataka punguzo kubwa. GTX 10 na za kabla yake mimi sishauri tena kununuliwa kwa gemu mpya, kwa sababu NVIDIA walisitisha draiva za gemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025, na kilichobaki ni marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Bado zinauzwa madukani kwa bei za kushangaza.

Kuhusu vionjo vya kizazi kipya, pima kama utavitumia. RTX 20 na kuendelea zote zinapata DLSS ya kukuza picha, na hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa mwenye kadi ndogo. Kuzalisha fremu za katikati kulianza na RTX 40, na kuzalisha fremu kadhaa kwa mpigo ni kwa RTX 50 peke yake. Wauzaji hulisifia sana hilo la mwisho. Mimi silipi uzito, kwa sababu kadi inayotoa fremu 25 halisi bado itachelewa kuitikia mkono wako hata kama kaunta inaandika 90. Mwenye kurusha video moja kwa moja mtandaoni ana sababu nzuri zaidi ya kutaka RTX 40: inasimba video kwa AV1, mfumo mpya wa kubana video, RTX 30 inaifungua tu.

Hatua ya 4: Soma jina lote, hadi herufi ya mwisho

Pesa nyingi hupotelea hapa. RTX 3060 iko ya GB 12 na iko ya GB 8, na ile ya GB 8 ina njia ya memori nyembamba zaidi, inasafirisha GB 240 kwa sekunde badala ya 360. Ni kadi dhaifu yenye jina lilelile. RTX 3050 ya GB 6 imepunguzwa viini ukilinganisha na ya GB 8. Kisha kuna RX 580 zinazoagizwa China zenye maandishi "2048SP": RX 580 halisi ina viini 2304, hizo zina 2048 kama RX 570.

Zipo pia kadi za China zilizojengwa kwa chipu za laptopu na kuuzwa kama za mezani, na zipo za kughushi kabisa, ambapo chipu ya miaka mingi iliyopita imebadilishwa BIOS ili ijitaje kwa jina jipya. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha chipu ya kweli, na kwa nyingi za NVIDIA zilizoghushiwa huandika wazi kwamba ni feki. Iweke kwenye flashi yako kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya bei

Chukua bei ya kadi ya kizazi kipya iliyo daraja moja na unayoitaka. Igawe kwa tofauti ya kasi. Kisha toa asilimia 10 kwa ajili ya miaka ya draiva na waranti unayoipoteza. Matokeo yake ndiyo bei ya juu kabisa ambayo ningelipa kwa kadi ya kizazi kilichopita.

Kwa mfano, tuseme RTX 5060 unaipata kwa shilingi 920,000, na RTX 4060 mpya ya kwenye boksi imeshushwa hadi 780,000. RTX 5060 ina kasi zaidi kwa takriban asilimia 20. Gawa 920,000 kwa 1.2, unapata kama 767,000. Toa asilimia 10, unafika 690,000. Kwa hiyo ile ofa ya 780,000, ingawa inaonekana imekuokolea 140,000, ni ghali. Mrudie muuzaji na 690,000 yako. Akikataa, chukua mpya. Hizi ni namba za mfano, weka za kwako za wiki hii.

Usisahau kwamba dola za uzinduzi hutoa picha ya ukweli. RTX 4060 ilitangazwa kwa dola 299 mwaka 2023, na RTX 5060 ilitangazwa kwa dola 299 hizohizo mwaka 2025. Kizazi kipya hakikupanda bei, kwa hiyo hakuna sababu ya msingi ya kile cha zamani kuikaribia bei yake.

Sasa soko. Uliza angalau sehemu tatu: dukani Arusha au Moshi, Kariakoo, na Nairobi. Kariakoo uliza dukani kwenyewe, maana winga ataongeza chake juu. Watu wa Arusha wana kishawishi cha Nairobi, Namanga ikiwa kilomita 110 hivi tu, na wa Moshi wana Holili. Kuna dhana kwamba chochote kutoka Kenya ni bure mpakani kwa kuwa tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kadi iliyotengenezwa Asia haimo. Weka VAT ya asilimia 18 na gharama nyingine za forodha kwenye hesabu kabla ya kusema Nairobi ni nafuu, na ukumbuke kwamba kadi ikifa itabidi uvuke mpaka tena kudai waranti.

Je, usubiri? Kwa kawaida stoku ya zamani hushuka zaidi miezi michache baada ya kizazi kipya kufika. Lakini mwishoni mwa 2025 bei za memori zilipanda dunia nzima kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba, na kadi za grafiki zinatumia memori nyingi. Kama bei imeshatimiza hesabu yako, nunua.

Hatua ya 6: Kama ni iliyotumika, ijaribu ikiwa na moto

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi za RTX 30 na RX 6000 zikamwagika sokoni. Nyingi bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, chipu huvumilia kazi ya mfululizo vizuri. Kinachochoka ni feni, pesti ya joto na pedi za memori.

Mwombe muuzaji kwa utulivu: "Bosi, naomba tuiwashe dakika ishirini, ikitulia nakulipa hapahapa." Muuzaji mwenye kadi nzima hakatai. Fungua HWiNFO, inayosoma joto, pembeni na uendeshe FurMark au Unigine Superposition, programu za kuichosha kadi. Tazama vitu hivi: joto la chipu likipita nyuzi 85 kwenye chumba cha kawaida, kuna tatizo. Pengo kati ya joto la chipu na la sehemu yake yenye moto zaidi likizidi nyuzi 25, pesti imekauka au kipozeo hakijakaa sawa. Kwa RTX 3080 na 3090 angalia joto la memori, kwa sababu likifika 110 kadi hujipunguza kasi yenyewe. Kisha tumia programu ya OCCT kupima VRAM kama ina makosa. Kosa hata moja, rudisha kadi mezani.

Chomeka monita kwenye kila tundu, si moja tu. Sikiliza feni zikianza na zikisimama. Angalia skrubu kama zimechunwa, na tafuta kutu kwenye chuma cha nyuma.

Hali ya hewa pia inadanganya. Kadi iliyojaribiwa Arusha asubuhi ya Julai, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na ubaridi wake, itaonyesha joto zuri sana. Ukiipeleka Moshi mwezi wa Februari, kwenye chumba cha bati bila feni, ongeza nyuzi 10 na zaidi. Mnunuzi wa Moshi anataka kadi iliyotulia kwenye 70 Arusha, si kwenye 80.

Kadi iliyotumika, mimi huipa bei isiyozidi asilimia 60 ya mpya yenye kasi sawa. Ikiwa haina waranti yoyote, pungufu ya hapo.

Hatua ya 7: Umeme wa nyumbani kwako

Kadi za kizazi cha nyuma mara nyingi hula zaidi kwa kazi ileile. RTX 3070 hutaka wati 220, RTX 4060 Ti yenye kasi inayokaribiana nayo hutaka 160. Tofauti ya wati 60, saa tano kwa siku, ni uniti 9 kwa mwezi. Uniti ikiwa shilingi 350, ni 3,150 kwa mwezi, karibu 38,000 kwa mwaka. Si fedha ya kukuzuia kununua, lakini kwa miaka mitatu imekula sehemu kubwa ya punguzo.

Jambo zito zaidi ni kwa walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, ya uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta nzima inayokula wati 300 kwa saa tano kila siku humaliza uniti 45 peke yake. Ukijumlisha friji na pasi umevuka, na kila uniti ya ziada inakuja kwa bei ya juu zaidi. Kama unaishi na wazazi, zungumza nao kabla, maana Luku ni ya nyumba nzima.

Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai dhaifu huweza kufa na kadi. Nunua pawa saplai yenye jina la kuaminika, na kama kuna UPS, soma wati zake, usisome VA. UPS ya 650VA mara nyingi haifiki wati 400, na kadi kubwa ikiruka ghafla itaizima.

Hatua ya 8: Siku ya kununua na wiki ya kwanza

Dai risiti ya EFD yenye namba ya siriali ya kadi, na waranti iandikwe muda wake na nani anayeitoa: duka au mtengenezaji. "Ikisumbua niletee" si waranti. Kwa mzigo unaotoka Dar kwa basi, piga picha ya namba ya siriali kabla haujafungwa, na ufungue boksi huku unarekodi video.

Nyumbani, ondoa draiva za zamani kwa programu ya DDU kabla ya kuchomeka kadi, kisha weka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA, AMD au Intel moja kwa moja. Wiki ya kwanza itumie kwa nguvu zote: gemu nzito, miradi mizito, masaa marefu. Kasoro nyingi hujitokeza hapo, wakati muuzaji bado anakukumbuka sura. Tunza boksi na ile mifuko ya ndani, kwa sababu maduka mengi hayapokei kadi bila boksi lake, na siku ukitaka kuiuza boksi linaongeza bei. Kila baada ya miezi mitatu, hasa kiangazi vumbi linapozidi, zima kompyuta, shika feni zisizunguke, na upulize vumbi nje.